Ngoma ya ukoo: upige video, urekodi sauti, au upande basi uje mwenyewe?

Msimu wa ngoma ukikaribia, mazao yameshaingia ndani na shule ziko mbioni kufungwa, magrupu ya ukoo yanaanza kuchemka. Aliyeko Mbagala anauliza ngoma lini, aliyeko Arusha anasema mi siwezi kuja mnirushie video, aliyeko Muscat anasema hata sauti tu inamtosha, afu mjomba wa Kitangari anajibu kwa voisi ndefu kwamba ngoma haitumwi kwenye simu, anayeitaka aifuate. Wote wana hoja. Shida ni kwamba kila mtu anabishania chombo, hakuna anayesema huyo atakayepokea anatakiwa afanye nini. Akae atazame? Ainuke acheze? Ajue jina la wimbo na nani alikuwa anauongoza? Au alie kidogo usiku akiwa peke yake kisha alale? Hizo ni kazi nne tofauti na kila moja inashika sehemu yake ya mwili, kwa hiyo chombo kinachofaa kazi hii kinaweza kisifae kabisa kazi ile.

Naandika kwa ajili ya watu wa kwetu, Mtwara na Lindi, wenye wazee wanaojua ngoma na watoto wanaokulia mbali. Nitachanganya na mambo ya anthropolojia kidogo kwasababu kuna watu wametumia miaka kuchunguza jambo hili, kwamba redio, filamu na simu havileti habari kichwani tu, vinashika jicho, sikio, mgongo, pumzi, na kila jamii ina namna yake ya kuvifundisha hivyo viungo kupokea.

Tulishawahi kurekodiwa

Hili swali la sauti au picha sio geni huku. Mwaka 1906 Mjerumani anaitwa Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alishukia Lindi, akaenda Masasi, akapanda mpaka Newala juu kwenye uwanda wa Makonde, vita vya Majimaji hata havijapoa, na askari wa serikali wako naye. Alikuja na kamera za picha, fonografu ya kurekodi sauti kwenye silinda za nta, na mashine ya kupigia sinema. Kwa hiyo watu wa huku wamo kwenye filamu na wamo kwenye nta tangu enzi hizo, ila havikukutana. Filamu ya wakati ule haina sauti, watu wanacheza kimya kimya. Silinda nayo haina picha, inabeba dakika chache tu, na mashine za aina ile zilikuwa zinasikia vizuri pale tu mwimbaji anaposogeza mdomo kwenye pembe lake na kutulia. Yaani anayeimba asicheze, na anayecheza asisikike. Kwa mtu wa kwetu hicho ni kitu cha ajabu sana, maana hapa kuimba bila kutikisika ni dalili ya kuumwa.

Silinda hizo zilipelekwa Berlin, kwenye hifadhi ya sauti ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999. Simu ya leo imeunganisha tena jicho na sikio, ndo maana mtu akishapiga video anajiona amemaliza kazi. Harufu, joto, mtikisiko wa ardhi, bega la mtu linalokubana, hivyo vyote bado viko nje ya faili, sawa na 1906.

Video: inafundisha umbo

Tuanze na inayopendwa na wengi. Video ina nguvu moja ambayo sio ya kudharau, inaweza kuhamisha mwendo wa mwili kutoka nchi moja kwenda nyingine bila mwalimu kusafiri. Mwaka 1934 Mfaransa Marcel Mauss alitoa mhadhara kuhusu namna watu wanavyojifunza kutumia miili yao, kutembea, kuogelea, kulala, hata kuchimba kwa koleo. Akasimulia kwamba aliwahi kuugua akiwa New York, akawa anawatazama manesi wanavyotembea, anajiuliza huu mwendo nimeuona wapi, mwishowe akakumbuka ni kwenye sinema. Aliporudi Ufaransa akakuta wasichana wa Paris nao wanatembea hivyohivyo. Hakuna aliyewashika miguu kuwaelekeza, filamu iliwatosha.

Leo huna haja ya kwenda Paris kuliona hilo. Kaa Mikindani jioni pale watoto wanapokusanyika na simu moja ya dada yao, step iliyotengenezwa Lagos au Johannesburg wanaichukua kwa marudio machache tu, mabega, vidole, mpaka namna ya kukunja uso. Kwa hiyo ukisema video haifundishi mwili utakuwa unabishana na macho yako mwenyewe.

Ila angalia inafundisha nini. Inafundisha umbo la nje. Chukua sindimba, ngoma ya Kimakonde. Mtu asiyeijua akitazama klipu anaona kiuno, basi anaanza kukata kiuno, anachoka mapema na mgongo unamuuma. Kiuno cha sindimba hakianzii kiunoni, kinaanzia kwenye goti lililokunjwa na unyayo uliokaa vizuri chini, kiuno kinapokea tu. Uzito uko wapi, upande gani umebeba na upande gani umelegea, hicho kitu kamera haikioni. Mtafiti Kathryn Linn Geurts alipokaa na Waanlo wa kusini mashariki mwa Ghana aligundua kwamba kwao kujishikilia usianguke kunahesabiwa kama hisi, pamoja na kusikia na kuona, na wanamfundisha mtoto tangu mdogo. Nikisoma hivyo nawaza wachezaji wetu wa mironjo, wale wanaocheza midimu, ngoma ya vinyago, juu ya magongo marefu. Video inakuonyesha mtu mrefu anatembea, wewe unashangilia urefu, na yeye kazi yake yote iko kwenye nyayo na kwenye nyonga na wewe huwezi kuipata hata ukirudia mara mia.

Halafu kuna anayeshika simu. Ukishainua mkono kurekodi umejitoa kwenye ngoma, hupigi makofi, huitikii, unapumua taratibu ili picha isitikisike. Mmoja akifanya hivyo sio tatizo, wakifanya ishirini duara linakuwa ukuta wa mikono. Na wachezaji wanaona, wanageuka kuitazama kamera, duara linafunguka linakuwa mstari. Hili tulishalipitia zamani, miaka ya 60 sindimba ilipochukuliwa na kikundi cha taifa na kupandishwa jukwaani, ngoma iliyokuwa na watu pande zote ikapata mbele na nyuma, watazamaji wanakaa huku na wachezaji wanawaelekea. Sisemi ni vibaya, nasema ilibadilika, na kilichoibadilisha ni mahali jicho la mtazamaji lilipowekwa.

Kama umeamua video basi fanya hivi. Weka simu kwenye stendi au ifunge kwenye tawi, iache isimame, wewe uingie kucheza. Kama lengo ni kufundisha, rekodi kipande kingine mchana, mchezaji mmoja tu, na upige ukiwa nyuma yake, kwasababu mtu akikuelekea kulia kwake ni kushoto kwako na mtoto atajifunza kinyume. Onyesha miguu, watu wengi wanapiga uso na kiuno miguu imekatwa. Usizumu. Na ukituma usitume kama video ya kawaida ya WhatsApp, maana inaibana inapungua, mwenzako akihariri na kuituma tena inabanwa tena, tuma kama dokumenti. Brian Larkin alichunguza kanda za video zilizokuwa zinauzwa Kano, Nigeria, kopi ya kopi ya kopi, picha ina ukungu na sauti inakwaruza, ukungu na mikwaruzo ikawa ndo sehemu ya kutazama filamu kwa watu wa kule. Wajukuu zako nao wanaweza kudhani ngoma ya bibi yao ilikuwa na ukungu.

Sauti tupu: kura yangu iko hapa

Najua wengi wataniona mshamba. Ila nisikilize, kama unachagua kurekodi kitu kimoja tu, na unataka huko kiendako watu wainuke, chukua sauti na uache picha.

Sababu yake ni ya mwili kabisa. Picha inakushika shingo. Ukiweka klipu mezani watu wote wanainama, mikono imetulia, watoto wanagombania nani akae karibu. Ukiweka sauti ileile kwenye sabufa hakuna mahali pa kutazama, kwa hiyo mtu anatazama wenzake, anayesonga ugali anaendelea kusonga lakini mwiko umeshaanza kufuata mdundo, shangazi aliyekuwa kimya anaitikia, mtoto anamwangalia shangazi. Yaani sauti inaacha mikono na miguu huru, na kwa sababu haikuonyeshi mchezaji, inabidi mchezaji uwe wewe.

Mtafiti Charles Hirschkind aliandika kuhusu Cairo, watu wanaosikiliza mahubiri ya kaseti kwenye teksi, madukani, nyumbani. Alichoona ni kwamba kusikiliza kwao sio kukaa tu maneno yapite, mtu anaitikia kwa midomo, kifua kinabana, machozi yanatoka, mwili unafanyiwa mazoezi ya kuogopa na kutumaini, na wenyewe wanasema ukisikiliza bila moyo hujasikiliza. Hilo kwa sisi wa pwani halina ugeni. Panda bajaji hapa Mtwara mjini kutoka Magomeni kwenda Shangani, dereva ameweka mawaidha, mwangalie midomo yake shehe anapotaja jina la Mtume. Hakuna skrini pale, na dua inamtoka mdomoni bila kuamrishwa.

Ngoma zetu ni za kuitikia pia. Kiongozi anatupa, waitikiaji wanapokea, na pale katikati kuna nafasi ndogo ambayo msikilizaji wa mbali anaingia yeye. Video inaijaza ile nafasi kwa sura za watu wengine, unaona waitikiaji wapo tayari, basi unanyamaza.

Sasa kasoro yake, na ni kubwa. Spika ya simu haiwezi kusukuma sauti nzito za chini, ni ndogo mno. Kwa hiyo ile ngoma kubwa, ile inayogonga kifuani kabla hata sikio halijasema kitu, kwenye simu inapotea kabisa, unabaki na ngoma ndogo zinazolia juu juu na vigelegele. Mtu wa Muscat anasikiliza anasema mbona ngoma imekuwa nyepesi siku hizi, kumbe ngoma ni ileile, ni simu yake haina kifua. Faili linaweza kuwa nalo, ila spika haitoi. Akichomeka hedifoni nzuri ataisikia, lakini ataisikia masikioni tu, mwili haupati. Sabufa ndo inarudisha ule mgongano wa hewa mwilini, hata hizi za bei ya kawaida zinazouzwa madukani pale sokoni, ili mradi majirani wavumilie.

Namna ya kurekodi: usisimame jirani na ngoma kubwa, sauti itapasuka, rudi nyuma hatua kadhaa upate na waimbaji. Geuza mgongo wako upande wa upepo, maana upepo wa bahari ukiingia kwenye maiki unasikika kama moto wa nyasi, hata kitambaa chepesi juu ya maiki kinasaidia. Weka simu kwenye hali ya ndegeni ili isiite katikati ya wimbo. Usitumie voisi ya WhatsApp kurekodia, ile imetengenezwa kwa mazungumzo na inabana mno, tumia apu ya kurekodi yenye chaguo la WAV, dakika moja inakula MB 5 hivi ukirekodi mono na MB 10 kwa stirio. Linganisha na video ya HD, ambayo kulingana na simu inakula MB 60 mpaka 130 kwa dakika. Kwa bando tunazonunua huku hiyo tofauti peke yake inaweza kuamua kesi.

Na baada ya ngoma kupoa, kaa na mwimbaji pembeni umrekodi akisema maneno ya wimbo polepole bila ngoma. Maneno ya Kimakonde au Kimwera cha ndani mtoto wa Mbagala hayapati kwenye kelele za uwanjani.

Redio

Hapa sikai sana. Zamani RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, ilikuwa inapiga ngoma za mikoa na watu wakakusanyika kwenye redio moja ya mzee mwenye uwezo, mawe (betri) yakiisha yanaanikwa juani au yanang'atwa kidogo yapate nguvu ya mwisho. Siku hizi kuna redio za jamii, kwa mfano Jamii FM ya Naliendele, na ukipeleka rekodi safi na maelezo mazuri kuna uwezekano ikapata nafasi. Faida ya redio ni moja ambayo simu haina: watu wengi wanasikia kitu kilekile saa ileile, mama anayebangua korosho kwake na jirani yake ng'ambo ya uzio wanaitikia pamoja bila kuonana. Hasara yake, huna mamlaka, wanakata katikati waweke tangazo la simenti. Kwa kuhifadhi ngoma haifai, kwa kuitangaza inafaa.

Shuka na projekta: hii watu hawaifikirii

Kila mtu anajua kibanda umiza. Benchi la mbao, bati juu, joto, magoti ya aliyeko nyuma yako kwenye mgongo wako, na goli likiingia benchi zima linanyanyuka, hata usiyeshabikia timu unanyanyuliwa nao. Mechi hiyohiyo ukiitazama peke yako kwenye simu ni mechi nyingine, goli linaingia unatikisa kichwa unaendelea. Picha haijabadilika, kilichobadilika ni miili iliyokuzunguka. Na kwenye mabanda ya filamu kulikuwa na watafsiri kama Lufufu, wanaongea juu ya filamu ya kigeni kwa Kiswahili, wanaongeza utani, wanamtetea mhusika, mpaka ukajikuta unamsikiliza yeye zaidi ya picha.

Sasa chukua zile video za ngoma, kodi projekta, tundika shuka jeupe kwenye ukuta au kati ya mikorosho miwili, waite wazee. Usiwape simu mkononi, wengi macho yameshachoka na kioo ni kidogo. Halafu wewe rekodi sauti yao wakitazama. Hapo ndo utapata mali. Watabishana huyu anayepiga ngoma ndogo ni mtoto wa nani, watasema hapo amekosea ameingia mapema, bibi mmoja ataanza kuimba ubeti ambao siku ya ngoma haukuimbwa.

Jean Rouch, Mfaransa aliyefanya kazi Niger, aliligundua hili miaka ya 50. Alikuwa amepiga filamu ya wawindaji wa viboko kwenye mto Niger, akairudisha kijijini kwao Ayorou, akaionyesha kwenye shuka. Kwenye kipande cha kuwinda alikuwa ameweka muziki wa wawindaji, akidhani amewapendezesha. Wenyewe wakamwambia atoe ule muziki. Kiboko ana masikio makali hata akiwa ndani ya maji, muziki ungemkimbiza, uwindaji ni kimya. Rouch akautoa. Mi hapo ndo nampenda, kwasababu wale watu walikuwa wanaitazama filamu kwa masikio ya kiboko, walishaingia mtoni, na yule fundi wa filamu alikuwa bado amekaa kwenye chumba cha kukatia filamu.

Gharama yake ni projekta, umeme wa uhakika au jenereta (na jenereta iwe mbali, kelele zake zitaingia kwenye rekodi), na uji au chai ya wazee. Kwa ukoo wenye watu mjini wanaochangia haishindikani.

Uwanjani penyewe

Kutoka Dar mpaka Mtwara ni kilomita 560 hivi, kwa basi ni siku nzima ukijumlisha na kusimama. Nauli na likizo vinauma, Desemba ndo usiseme. Kwa hiyo niseme unalipia nini.

Unalipia kwanza kitu kinachotangulia ngoma. Jua likianza kushuka wapigaji wanawasha nyasi kavu, wanazisogeza ngoma midomo yake karibu na moto, wanazizungusha. Ngozi inakaza. Mpigaji anagonga kwa kidole, anasikiliza, anarudisha kwenye moto, anagonga tena, afu anaipa ile ndogo yenye mguu wa kuchomeka ardhini mgongo wa kiganja, anatikisa kichwa, bado. Harufu ya ngozi iliyopata moto inakukaa puani mpaka kesho yake. Hakuna mtu anarekodi kipande hiki, wote wanasubiri "ianze". Na mtoto aliyekaa pale akaona ngoma inavyotafutiwa sauti ameshajua kwamba sauti ni kitu cha ngozi, moto na uvumilivu.

Pili unalipia ardhi. Ngoma kubwa ikipigwa karibu inakuja kwa chini, kwenye nyayo, hasa ukivua viatu, na ukiwa kwenye duara mwili wa jirani yako unakusukuma kwenye mdundo sahihi kabla hujauelewa. Ndo maana mtoto wa miaka minne anacheza vizuri kuliko shemeji mwenye digrii aliyejifunza kwenye klipu. Kashikwa na watu, hajatazama watu.

Tatu unalipia hofu. Kinyago kikitoka, watoto wanakimbia kweli, wanapigana vikumbo, wengine wanalia. Vinyago vya kuvaa vya Kimakonde vipo kwenye makumbusho ya Ulaya, vimechongwa vizuri, vingine vina nywele za mtu na chale za nta usoni, kuna na vile vya mwili, kifua na tumbo la mwanamke mjamzito anavyovaa mwanaume akicheza. Vimekaa nyuma ya kioo, vinatazamwa kwa utulivu. Hakuna anayekimbia makumbusho. Kitu ambacho kazi yake ilikuwa kukutoa mbio umekisimamia sentimita thelathini unasoma kikaratasi, hapo umepata mbao.

Na kuna tumbo pia, tusijifanye. Ming'oko ya moto na chumvi, samaki wa Msangamkuu, na msimu wa mabibo ukiwa umefika wazee na uraka wao. Mtu aliyelishwa ngoma na chakula kwa pamoja hawezi kuvitenganisha baadae.

Hasara za kuja: unakuja mara moja, hakuna kurudia, unaweza ukakuta mvua au msiba umeahirisha kila kitu. Na kama mtoto hajui wimbo hata mmoja atakaa pembeni na simu yake, utakuwa umesafirisha simu. Kwa hiyo sauti itangulie nyumbani miezi kadhaa, ndo umlete.

Yasiyoingia kwenye ulinganisho

Kuna mambo ya ndani ya unyago na jando ambayo hayapigwi video, hayarekodiwi, wala hayasimuliwi. Usiniulize yapi, kamuulize kungwi wako. Watu wa mjini wanaona ni usiri wa kizamani, ila ukiyaangalia kwa jicho la hiki tunachokizungumza utaona kwamba mafundisho yale yamewekwa mwilini makusudi, yanapita kwa mkono, kwa wimbo wa sikioni, kwa kukaa pamoja siku kadhaa mbali na wengine. Yakishakuwa klipu yanafika kwa mtu ambaye mwili wake haujaandaliwa, anacheka au anaaibika, na hapo yameshaharibika hata kama picha ni safi. Na kwa yale ya nje bado omba ruhusa. Huku kwetu ukoo unafuata upande wa mama kwa wengi, kwa hiyo mjomba ndo wa kuanza naye, sio baba peke yake. Picha za watoto usirushe hovyo, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022.

Kwa hiyo uchague kipi

Una mtoto mdogo anayekulia mbali: sauti kwenye sabufa nyumbani, mara kwa mara, bila kumlazimisha kusikiliza. Una kijana anayetaka kujifunza step: video ya kufundishia, kutoka nyuma, miguu ionekane, akishazijua aje arekebishwe na watu. Una mgonjwa au mzee aliyeko ughaibuni hawezi kusafiri: mpe sauti na hedifoni nzuri usiku, usimpe video kwanza, video itamwonyesha nani amezeeka na nani hayupo. Una wazee watatu wanne waliobaki wanaojua: shuka na projekta mwaka huu huu. Una nauli na likizo: njoo, na njoo kabla moto wa nyasi haujawashwa.

Ukiwa na simu moja tu na siku moja tu, rekodi sauti ya ngoma nusu saa, kisha iweke mfukoni.

Na ukishapata mafaili yahifadhi sehemu zaidi ya moja, moja kwa mjomba kijijini, moja mjini, moja mtandaoni, maana memori kadi za bei chee zinakufa zenyewe kwenye droo. Yabadilishe majina siku hiyohiyo. Grupu letu limejaa vitu vinaitwa AUD halafu tarakimu kumi na kitu, hakuna anayejua ni nani anaimba. Andika jina la wimbo, la anayeongoza, la kijiji, na mwaka.